Vipepeo wa Kona ya Mikoma: Tunamkumbuka Mzee Keynan Sugow

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum. Mimi ni Shukri Abdiwahab, na hii ni saa yetu ya kuwakumbuka waliotangulia. Kama uko mezani unakula, malizia kwanza ndipo uongeze sauti. Nasema kwa nia njema. Kipindi cha leo kina harufu.

Tunamkumbuka Mzee Keynan Sugow Nunow. Keynan Sugow, aliyekuwa afisa wa mifugo. Keynan Sugow, aliyewatembeza watu wa Garissa kila Jumamosi asubuhi kuangalia ndege na vipepeo ukingoni mwa Mto Tana. Alifariki Jumanne iliyopita alfajiri akiwa na miaka sitini na minane, akazikwa siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Wengi wenu mlimwona mjini na hamkujua ni nani. Ni yule mzee mrefu, mwenye ndevu za hina, aliyetembea na darubini shingoni imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Watoto walimkimbilia. Watu wazima walimcheka, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Sisi tuliomfuata tulimwita Adeer Keynan. Adeer ni ami, kaka wa baba, na kwetu mzee wa heshima humwiti jina tupu.

Alizaliwa Balambala kwa wafugaji wa ng'ombe. Alisoma, akaajiriwa serikalini, akaanzia huko huko Balambala, akapelekwa Rhamu, kisha Lafey, kisha Wajir, na mwisho akarudi Garissa. Kazi yake ilikuwa kuchanja mifugo. Sasa, anayewajua wafugaji anajua kwamba ukiwaambia walete mbuzi saa mbili, watakuja saa saba, na pengine kesho. Kule Rhamu alikuwa akikaa kando ya mto Daua na sanduku lake la barafu, akingoja. Hana redio, hana gazeti. Akaanza kuangalia ndege. Mkewe, tunayemwita Eeddo Naimo, yaani shangazi, ambaye sasa yuko eda nyumbani, aliniambia hivi: "Wanaume wengine walirudi safari na miraa. Huyu yangu alirudi na majina ya ndege. Nilifikiri ni majina ya wanawake."

Wasikilizaji wapendwa, wacha niwaambie nilivyomjua. Ni miaka mitatu sasa. Nilisikia kuna mzee anayewapeleka watu porini kutazama vipepeo, nikasema hapo kuna kipindi cha kuchekesha. Nikachukua kinasa sauti changu, nikavaa viatu vyangu vizuri, nikaenda.

Mahali penyewe panaitwa Kona ya Mikoma. Ni mahali mto unapojipinda, chini kidogo ya mji. Kuna mikoma, kuna migunga mikubwa, na kuna mstari wa miswaki ambayo mathenge, ule mti mvamizi, bado haujaimeza. Mbele ya miti hiyo kuna ufuko wa matope laini. Adeer Keynan alitusimamisha pale, akafungua kopo kubwa la maziwa ya unga.

Ya Rabbi, ile harufu. Ndani ya kopo kulikuwa na ndizi zilizooza, zimechanganywa na mkojo wa ngamia, zikaachwa juani siku tatu. Niliziba pua kwa ncha ya shungi. Machozi yalinitoka. Yeye alichota kwa kijiko, akaupaka ule uji kwenye gome la mti na juu ya tope, polepole, kama mama anayempaka mtoto mafuta. Nilichukia. Nasema kweli, nilichukia mpaka tumboni. Nikajiuliza mtu mzima, Mwislamu anayesali, anashika najisi hii kwa raha gani.

Basi tukangoja. Haikupita robo saa. Wakaja vipepeo weupe wenye ncha za rangi ya chungwa, wengi, wakatua topeni. Wakaja wa manjano. Akaja mmoja mkubwa, wa kahawia, mwenye mikia miwili, akatua kwenye gome, akakunjua ulimi, akanywa. Nilisogea hadi nikawa karibu kumgusa. Hakuondoka. Adeer Keynan akaniambia, "Hii kitu haina haya, Shukri. Mrembo hivi, na chakula yake ndiyo hiyo."

Kipindi kile hakikuchekesha. Wiki iliyofuata nilirudi, na nyingine, na nyingine. Nikajifunza kwamba wale weupe wanataga kwenye majani ya mswaki, miti ile ile tunayoikata kusugulia meno. Nikajifunza kumtofautisha ndege keremkerem na mdiria. Nikajua pia kwamba Adeer Keynan alikuwa na kikoi maalumu cha Jumamosi, na Eeddo Naimo alikifua peke yake, katika beseni lake, na kukianika kwenye ua wa mbali kabisa. Kabla ya adhuhuri mzee alikuwa ameoga mara mbili. "Uchafu yangu inajua mahali pake," aliniambia. Nilicheka. Wakati ule neno hilo halikunichoma.

Sasa tunafika kwenye Jumamosi ninayotaka mnisikilize vizuri. Ilikuwa Agosti iliyopita. Agosti, shule zimefungwa, hewa ina ubaridi kidogo na upepo. Tulikuwa watu kumi na wawili. Alikuwepo Deka, binti yake Adeer Keynan, ambaye ni muuguzi. Walikuwepo walimu wanne, akina mama wachache, na mimi. Tulishuka Kona ya Mikoma saa kumi na mbili asubuhi.

Harufu ilitupokea kabla ya mto kuonekana. Mwalimu mmoja akasema leo mzee amezidisha kopo. Adeer Keynan akalionyesha kopo lake. Lilikuwa bado limefungwa.

Kwenye ule ufuko wa matope kulikuwa na matumbo. Matumbo, wasikilizaji. Marundo ya matumbo ya ng'ombe na ngamia, yamevimba, mengine yamepasuka. Kulikuwa na samadi mbichi kutoka ndani ya wanyama, pembe, kwato, na maji mekundu yakitiririka taratibu kuingia mtoni. Nzi walikuwa wengi hata mlio wao ulifanana na jenereta. Kongoti, wale ndege wala mizoga, walisimama katikati ya uchafu ule, shingo zao zimelowa damu. Mwalimu aliyetania kuhusu kopo alienda nyuma ya mgunga, akatapika. Na chini ya hapo, mwendo wa kurusha jiwe mara mbili, tuliwaona wanawake wakijaza mitungi ya maji ya kunywa.

Nitawaambia lililonikera zaidi ya yote. Vipepeo walikuwepo. Sijawahi kuona vipepeo wengi hivyo maishani mwangu. Mamia. Walijipanga kwenye ukingo wa yale maji mekundu, weupe na wa manjano, wakifungua na kufunga mabawa, wakinywa. Ilikuwa nzuri. Mpaka leo nikiona kipepeo mweupe nasikia kichefuchefu.

Tukiwa tumesimama hivyo, gari likaja. Lori dogo, likarudi kinyumenyume hadi ukingoni, mlango wa nyuma ukafunguliwa, mzigo mwingine ukamwagwa. Dereva akashuka. Jina lake Sadik. Alituona, akaniona mimi, akatabasamu kwa furaha ya kweli, kwa sababu Sadik ananijua tangu nikiwa shule. Akaniita abaayo, yaani dada, kwa sauti, mbele ya watu wote kumi na wawili: "Abaayo Shukri, asubuhi njema. Ogle anakusalimia. Amesema utakuja chakula mchana?"

Ogle ni kaka yangu. Ogle Abdiwahab, kaka yangu mkubwa, tumbo moja. Ana machinjio yake mwenyewe. Gari lile lilikuwa lake.

Watu wote waligeuka kunitazama. Sikuwa na pa kuweka uso wangu. Na hapo ndipo Adeer Keynan alipofanya jambo ambalo sitalisahau mpaka nami nifukiwe. Alinyoosha mkono upande mwingine kabisa, ng'ambo ya mto, akasema, "Angalieni kule. Keremkerem mwekundu. Haraka, ataruka." Wakageuka wote. Walimtafuta ndege yule kwa muda mrefu. Nami nilitafuta. Hapakuwa na ndege yeyote kule. Alinipa tu nafasi ya kufuta uso.

Tuliporudi alipunguza mwendo, tukabaki nyuma ya wenzetu. Nilijua atanisema. Hakunisema. Alinihadithia kisa cha Balambala, na nimepata ruhusa ya Deka kukisema leo.

Alikuwa na miaka ishirini na sita. Kulikuwa na ukame, fisi walikuwa wakimaliza ndama, na wafugaji walimjia afisa wao kijana wakitaka msaada. Adeer Keynan akawapa dawa ya kupe ya kuogeshea mifugo. Akawaambia waimwage juu ya ng'ombe aliyekufa, fisi akila atakufa. Asubuhi walikwenda kuangalia. Walikuta tai arobaini na mmoja wamekufa kuuzunguka ule mzoga. Aliwahesabu mwenyewe. Nikamuuliza, na fisi? Akasema, "Fisi alikuja siku ya tatu. Akakula ndama mwingine." Baada ya hapo mizoga ya ukame ule ililala juani hadi ikayeyuka, kwa sababu wa kuila hawakuwepo tena. Watu walihama kwa uvundo. Wakubwa wake walipouliza tai wamekufaje, yeye aliandika kwamba ni ugonjwa.

"Niliandika ugonjwa," aliniambia. "Zaidi ya miaka arobaini nimenyamaza. Nimetembeza watu, nimeonyesha ndege, lakini hiyo sikusema kwa mtu. Wewe uko na redio, Shukri. Sema mara moja tu. Jina ya kaka yako usitaje. Sema tu kuna gari inamwaga uchafu kwa mto, watu wanakunywa. Mara moja tu."

Nikamwahidi. Nikasema Jumatatu. Wasikilizaji, nilimwahidi Jumatatu.

Jumapili nilimpigia Ogle simu. Nilitaka kuanza kwake, kama ndugu. Alicheka kwanza. Akasema mto unabeba kila kitu, na ndege wanakula bure. Nilipong'ang'ania, akaacha kucheka. Akasema, "Baba alipokufa ulikuwa darasa la tano. Nani alikusomesha? Hiyo uchafu ndiyo ilikulipia karo." Ni kweli. Ogle aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita, akaanza kuuza vichwa na miguu ya mbuzi sokoni ili mimi nisome. Sauti hii mnayoisikia aliilea yeye. Nilikata simu.

Jumatatu nilikaa kwenye kiti hiki hiki, mbele ya kipaza sauti hiki hiki, nikazungumzia hina. Dakika arobaini za hina. Hina ya bibi harusi, hina ya Idd, hina ya nywele. Mlipiga simu wengi, mkafurahi. Adeer Keynan alikuwa akisikiliza; najua kwa sababu Eeddo Naimo aliniambia. Kipindi kilipokwisha alizima redio, akachukua sepetu na mkokoteni wa jirani, akaenda Kona ya Mikoma kuzika matumbo.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kuanzia Agosti hadi Desemba. Kila siku baada ya sala ya alasiri. Gari lilimwaga asubuhi, yeye alifukia jioni. Mzee wa miaka sitini na minane, mwenye kisukari, amefunga kitambaa puani, anachimba. Hakuniuliza hata siku moja kuhusu Jumatatu. Jumamosi tuliendelea na matembezi, akatupeleka juu zaidi ya mto, mbali na kona. Alinisalimia vizuri kama kawaida. Laiti angenitukana.

Mwezi wa Desemba kipande cha mfupa kilipenya ndala yake, kikamchoma chini ya mguu. Hakusema nyumbani siku tatu. Mwenye kisukari anajua siku tatu ni nini. Deka alipouona mguu ulikuwa umeshabadilika rangi. Januari ulikatwa chini ya goti. Nilikwenda kumwona hospitalini, na nitakiri hili pia, harufu ya kidonda ilinifanya nitoke nje mara mbili. Yeye alicheka. Aliniuliza kama miswaki imeanza kuchipua. Hakutaja gari, hakutaja redio.

Alifariki Jumanne iliyopita. Nilimuuliza Deka nisemeje hewani kuhusu kifo cha baba yake. Akasema, "Sema ukweli, Shukri. Mfupa haukumuua. Baba ameuawa na kisukari na ukaidi wake mwenyewe. Lakini mfupa haukutembea wenyewe mpaka mtoni." Hayo ni maneno ya Deka Keynan, binti wa marehemu, nami nimeyasema kama alivyoyasema.

Sasa nifike matangani. Watu walijaa. Waliomwita mwendawazimu walikaa mstari wa mbele, kwenye mikeka mizuri, wakisimulia walivyokuwa naye karibu. Mmoja ambaye hajawahi kuamka kabla ya saa tatu alieleza walivyotazama ndege pamoja alfajiri. Nilimsikiliza nikaona afadhali lile kopo la ndizi. Lile lilinuka, lakini halikudanganya mtu.

Na Ogle alikuja. Kaka yangu alikuja na ngamia mzima wa kulisha waombolezaji, dume nene, aliyechinjwa kwake asubuhi. Watu wakamshukuru. Akasimama akasema marehemu alikuwa baba wa mazingira ya Garissa, na kwamba vijana waige mfano wake. Alisema kwa unyenyekevu, na nadhani aliamini kila neno. Watu wakaitikia amin. Sinia zikaja. Mimi nilisukuma pilau upande mmoja wa sinia na nyama upande mwingine, nikainuka.

Nilitoka nje nikamkuta Sadik anaosha mikono kwenye bomba. Nikamuuliza swali moja. Nikamuuliza matumbo ya ngamia huyu wa matanga yamekwenda wapi. Sadik si mtu mbaya. Alinitazama kama ambaye haelewi kwa nini nauliza jambo ninalolijua. Akasema, "Pale pale, abaayo. Kona."

Wasikilizaji wapendwa, ngamia wa matanga ya Keynan Sugow. Matumbo yake yalimwagwa juu ya mashimo aliyoyachimba Keynan Sugow. Siku tuliyomzika. Mimi na Deka tulikwenda Ijumaa tukayaona kwa macho yetu, yakiwa yamejaa nzi, na akina mama wakichota maji chini yake. Deka hakulia. Alirudi mjini, akaleta sepetu ya baba yake, akaanza kuchimba. Nami nilichimba, na kwa mara ya kwanza sikuziba pua. Nilijiona nastahili uvundo ule.

Kwa Eeddo Naimo, kwa Deka na ndugu zake, kwa jamaa wote wa Balambala, na kwa wote waliotembea naye Jumamosi: poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Keynan Sugow, ampanulie kaburi lake, na amlipe kwa kila alichokifukia. Nanyi wasikilizaji, usiku wa leo kila mmoja ajiulize ni uchafu gani anaoujua, anaoupita kila siku, na hamtaji mwenyewe wake kwa sababu amekula kwake. Tuko wengi. Nisidhani ni mimi peke yangu, na nisidhani wingi wetu unatusafisha.

Mkuu wa kituo anapiga kioo, ananionyesha saa. Nimemwona. Namalizia.

Adeer Keynan aliniomba nisitaje jina. Hilo nitamkosea, na nitaomba msamaha kwake nikifika alikofika. Abboowe Ogle, kaka yangu, najua redio ya machinjioni iko wazi, huwa iko wazi kila siku saa hii. Ulinisomesha nijue kusoma habari. Basi hii ndiyo habari. Gari linalomwaga matumbo Kona ya Mikoma, juu ya maji wanayokunywa watu, ni la Ogle Abdiwahab. Anayesoma ni dada yake, Shukri Abdiwahab. Alijua tangu Agosti.